Kanda la Usufi

Alhamisi jioni, Rimouski.
Sebuleni hakuna tena pa kukanyaga:
hema limetandazwa juu ya zulia, likitoa uvundo wa kabati,
sufuria ndani ya sufuria, vikombe ndani ya birika,
na Fernand kapiga magoti katikati, miwani puani,
anahesabu vigingi kama karani wa ghala:
tisa, kumi, kumi na moja.
Vigingi vya hema, kwa jina lao la zamani, ni mambo;
na mambo, tangu lini yakatimia?
"Tutatumia jiwe," anasema.
Miaka thelathini na minne, tutatumia jiwe.

Mara ya kwanza, ziwa hilihili,
tulibeba mkate, jibini, turubai la kaka yake
na kiburi.
Tukalala juu ya mizizi ya msonobari,
mbu wakatula mpaka kope,
na asubuhi hatukusemezana hadi kahawa ya pili.
Siku zile kuteseka kulikuwa sehemu ya mapenzi,
au ndivyo alivyosema, nami nikasadiki.

Leo napakia bila haya.
Godoro la kupuliza, unene wake shubiri nzima,
na pampu, kwa kuwa mapafu yana kazi nyingine.
Mito ya kitandani, ileile, na foronya zake.
Viti viwili vya kukunja.
Chupa ya mpira ya maji ya moto,
maana usiku wa Septemba huku haumwonei mtu haya.
Asali ya miti, aliyoichemsha dada yangu Huguette
theluji ilipoanza kuyeyuka.
Pipa lenye kufuli la kufichia chakula,
dubu asije akajialika.
Vizibo vya masikio, vya kuzuia mkoromo wake,
nimevishika, nimevirudisha drooni.

"Godoro la nini?" anauliza.
"Mgongo wangu."
"Na viti?"
"Mgongo."
"Hata mito?"
"Mgongo, Fernand."
Anatikisa kichwa, ananionea huruma, anakaza mikanda.

Mgongo wangu hauna neno.
Ni yeye, Februari, walimpasua kifua
wakanirudishia na mshono kama zipu.
Daktari alisema atembee, asinyanyue vizito,
asilale penye baridi.
Lakini mwambie Fernand asilale chini, atalala chini.
Basi maumivu nimeyavaa mimi,
nimeyafunga kiunoni kama aproni,
natembea nayo nyumba nzima nikiguna kidogo kwenye ngazi.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hivyo hakuwahi kuupakia mwenyewe
akitazama mlango.

Mifuko ya kulalia ni mipya, imejaa manyoya ya bata.
Tunaijaribu papo hapo sakafuni.
Wake, zipu kulia. Wangu, zipu kulia.
Haiungani ng'o, hata tukiupindua mmoja tumbo juu.
Kijana wa dukani hakutuuliza kama tunalala pamoja;
labda aliona mvi, akajijibu.
Fernand anakamata funguo: "Wanafunga saa tatu."
Gari linaguna, linaondoka.

Nabaki na vidonge vyake.
Vya Ijumaa, vya Jumamosi, vya Jumapili,
kisha vya siku moja zaidi, njia isije ikafunga.
Nafungua kopo la biskuti nivifiche humo,
nakuta ameshanitangulia:
dawa ya kuchua, chupa mpya, kubwa, yenye kunuka kafuri,
na karatasi kwa mwandiko wake wa kuinama:
mgongo wa G., asubuhi na jioni.

Nimekaa juu ya godoro lisilopulizwa.
Kwa hiyo kesho, kando ya ziwa, atapasha mikono motoni
aukande mgongo huu mzima, pingili kwa pingili,
nami nitaguna panapostahili.
Au anajua.
Au anajua tangu godoro.

Taa za gari zinapita ukutani.
Anaingia na mfuko wenye zipu kushoto,
na mfukoni mwa koti, akiona aibu kidogo,
kigingi kimoja.