Bado Nainoa

Niliinunua kwa kilo, kama chuma chakavu,
pale Igoma, kwa muuza skrepa mwenye mizani ya ndoano:
kilo mbili na robo, na hiyo robo
nadhani ilikuwa kutu.
Akanitupia nati tatu za nyongeza.
"Fundi, hiyo haikati hata ugali."
Sikumjibu. Nilikwisha kuuona ulimi wake,
mnene, chuma cha siku zile
mtu aliponunua randa moja akazeeka nayo.

Jumatatu nikaivua nguo zote.
Skrubu ya kwanza ilikubali mafuta ya taa,
ya pili ilitaka mafuta ya taa na usiku mzima,
ya tatu ilitaka matusi; nikaipa.
Ulimi nikaulaza ndani ya kopo la rangi,
ndimu sita, chumvi ya mawe,
asubuhi maji yamekuwa chai ya rangi
na kutu inabanduka kwa brashi ya waya
kama magamba ya sato.

Hapa Igogo hatuna meza ya kunyooshea chuma.
Tuna mawe.
Nyuma ya karakana liko moja, bapa:
upande wa juu Mama Bugumba anaanika dagaa,
upande wa chini ni wangu, tulikubaliana kwa ugomvi.
Nikamwaga mchanga wa ziwani, maji kidogo,
nikalisugua tumbo la randa, mbele nyuma, mbele nyuma,
hadi korongo aliyekuwa akivizia dagaa
akachoka kunitazama, akaenda zake dampo.

Kisha kinoo. Hapo hakuna haraka.
Pembe ukiipoteza kwa upana wa unywele
utaitafuta hadi magharibi.
Nasikiliza: jiwe likisema kwaru, bado;
likisema shii, karibu;
likinyamaza, na maji yakatangulia mbele ya makali
kama yanayokimbia,
geuza, ondoa ule unyuzi wa chuma uliojikunja mgongoni,
malizia kwa mkanda wa suruali iliyokwisha kufa.
Nikajaribu kwenye mkono. Malaika yakaondoka bila kuaga.

Mpini ndio ulionishinda.
Mninga, umelika mahali pa kidole gumba,
shimo dogo, laini kama tumbo la kijiko,
lakini upande ambao gumba langu haliendi.
Nikashika hivi, nikashika vile.
Nikakoroga gundi na unga wa mbao nilizibe:
mteja wa Capri Point amekwisha kusema elfu arobaini,
anataka kuiweka juu ya kabati, ipendeze.

"Ng'washi, nipe hiyo gundi."
Ng'washi ana miezi mitano kwangu.
Kila ubao anaoupiga randa unainua nyuzi,
nami kila siku namwambia, binti, badili mkono,
kama walivyomwambia nyumbani, penye sahani,
kama walivyomwambia shule, kwa fimbo.
Badala ya gundi akaiokota randa, kwa shoto,
na gumba likaingia shimoni
kama mtu aingiaye kwake gizani bila kupapasa.

Akasukuma.
Ubao wa mvule, ule wenye fundo, niliouogopa mwenyewe.
Ukatoka utepe mmoja, mrefu, mwembamba,
ukajiviringisha, ukampanda kiganjani,
ukaanguka. Kupitia kwake ungeweza kuliona ziwa,
au tuseme rangi ya ziwa.
Hakucheka. Alisukuma tena, kama anayehakiki hesabu.

Yule wa kwanza, mwenye gumba, sitamjua.
Labda alichonga mbao za mitumbwi kule Kayenze,
labda vitanda, labda majeneza.
Najua tu kwamba naye aliambiwa abadili mkono,
na hakubadili, miaka mingi kiasi cha kuuchimba mninga.

Simu ikaita. Capri Point.
Nikafuta mikono kwenye aproni, polepole,
nikamtazama Ng'washi, maranda yamemfika vifundoni.
"Bado, bosi," nikasema. "Bado nainoa.
Kutu imeingia ndani sana."