Mwanga Usiotoka

Ipuli, saa nne usiku. Luku imebaki nukta sita ya uniti,
na mama mwenye nyumba ameshagonga mara moja.
Nazungusha kioo juu ya feni ya kompyuta iliyokufa,
nadondosha tone la polima, rangi ya asali ya miombo
iliyochujwa mara mbili. Linatawanyika, linakuwa utando
mwembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu.
Ukipiga chafya, unaanza upya.
Jana nilipiga chafya.

Weupe si rangi moja. Wauza taa wa Isevya hawatakwambia.
Buluu ndiyo inayobeba mzigo; chungwa ni chembe,
kama pilipili kwenye mchuzi wa mgonjwa.
Ikizidi, chumba kinakuwa bani la tumbaku.
Ikipungua, uso wa mtu unakuwa wa maiti.
Na buluu hiyohiyo ndiyo hutangulia kufa.

Volti sita. Tano. Nne na nusu.
Chini nimetandika utando mwingine, ngazi fupi,
chaji isiruke ukuta, ipande tu.
Daftari linasema: nafuu kuliko Machi.
Vidole vinasema: kioo bado kina moto,
umeme uliolipiwa unapikia hewa.

Kalunde, wa darasa la sita, kaja kuazima mkasi.
Akainama.
"Shangazi, mbona inawaka ukingoni kuliko usoni?"

Mwaka mzima nimeuona ukingo ule
nikauandika chini ya neno *kasoro*.
Kumbe mwanga ulikuwa unazaliwa vizuri tu,
ila hautoki: nyuki ndani ya chupa,
anagonga huku, anagonga kule, anachoka,
wachache wanapenya pembeni.
Na mimi nilikuwa nikiwakemea nyuki.

Nikachukua msasa wa fundi Mlekwa
nikaukwaruza mgongo wa kioo, ule niliokuwa nikiupangusa
kwa pamba na spiriti kama jicho la mtoto.
Volti zilezile. Kalunde akaanza kusoma lebo ya spiriti
kwa sauti, hadi herufi ndogo za onyo.

Ndipo uniti zikaisha.

Simu yangu ilikufa tangu adhuhuri. Tukachukua betri tatu za redio,
kikaratasi cha tokeni, na kioo changu chenye mikwaruzo,
tukasimama ukutani tukibonyeza, mama mwenye nyumba nyuma yetu
akihesabu kwa Kinyamwezi.

Dakika kumi na moja.
Kisha buluu ikafa, chungwa likabaki peke yake,
na tarakimu mbili za mwisho
tukazibahatisha.