Vifuniko vya Mvumi

Vimebaki kumi na kimoja. Cha kumi na mbili
panya waliitafuna picha, likabaki bati tupu.
Ni vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga.
Mama alivitoboa kwa msumari, akabandika kwa uji wa sembe
picha alizokata kwenye majarida ya Wazungu
yaliyosahaulika wodini, Mvumi Misheni.

Theluji tuliiita chumvi ya Bahi.
Bibi kizee na bata mzinga kwenye sinia.
Mtoto juu ya kigari kisicho na magurudumu,
kinywa wazi, akishuka mlima.

Tulivitundika kwenye tawi la mgunga,
miiba ikishika uzi kuliko vidole,
mvua ya kwanza ikinukia, na kumbikumbi
wakijigonga kwenye taa, wakimwangushia Yosefu mbawa.

Jana kaja Bwana Chilongola, mnunuzi wa vya kale.
Kavipanga mezani kama karata,
kapuliza vumbi, kataja bei. Bei nzuri.
Kisha akasukuma kimoja kando:
“Hiki kimeharibiwa. Kuna mtu
kampaka mtoto rangi ya viatu.”

Mtu huyo ni Sechelela, muuguzi wa zamu ya usiku.
Na mtoto ni miye, miaka sita, nina surua,
nimeuliza mbona wa kwetu hateremki.

Nikamwambia achukue kumi.
Paa linavuja, sina kiburi.
Hiki kimoja nimekirudisha msumarini.
Kinywa bado ki wazi.