Mzigo wa Okwalinga

Ndeeba, saa nne asubuhi, misumeno imeshaanza kugombana.
Nimeokota kipande cha mvule nyuma ya banda la majeneza,
kimekatwa upande, hakimfai maiti wala mlango.
Nikakipiga msasa hadi kiganja kikateleza,
nikakipaka gundi nyepesi, nikangoja.
Mbao haina haraka. Ilikuwa mti kabla sijazaliwa.

Kisha nikamwita Okwalinga.

"Keti." "Nikae nifanye nini?"
"Ukae tu." Hilo likamshinda.
Miaka kumi na tisa anashusha mbao za malori,
hajawahi kulipwa kwa kutofanya kitu.
Tukapatana: chai ya maziwa, rolex ya mayai mawili,
na nisimchore kifua wazi.
Kufika saa sita, joto la mabati likamvua shati lenyewe.

Sina chaki ya rangi ya mtu.
Boksini zimo ishirini na nne, nyingi vishina,
na ile iliyoandikwa "ngozi" ni ya waridi kama kidonge;
hiyo bado nzima, haijamgusa yeyote.
Mtu wangu naanza na buluu,
buluu ya usiku wa manane, chini ya taya, kwapani,
kwenye kibonde cha shingo.
Juu yake nyekundu ya tofali, halafu manjano, kwa kidole,
na palipo na nuru siweki kitu,
namwachia mvule ajisemee.

Chaki ya mafuta haijui kunong'ona juu ya mbao.
Inaruka mabonde, inang'ang'ania vilima,
na joto likizidi inalainika kama siagi, inakwenda itakako.
Siku hiyo ilinitii. Nyuzi za mti zilipita mbavuni mwake
kana kwamba walishauriana.

Ila bega.

Bega la kulia la Okwalinga limeshuka vidole vinne,
limeota sugu kama kisigino,
na papo hapo mbao ina fundo,
jeusi, gumu, tawi lilipotaka kutoka likakataliwa.
Chaki ikafika pale ikakatika.
Nikachukua kipande. Kikakatika.

Akaja kutazama, chai mkononi.
"Ninyooshe," akasema.
"Si mimi mzima. Bega tu.
Mama yuko Ngora, hajaniona tangu lilipokuwa juu."

Nilijaribu, Mungu shahidi.
Nikamchorea bega la mwanamume wa kalenda.
Akalitazama muda mrefu, chai ikapoa.
"Huyu," akasema, "hawezi kubeba hata kuku."

Nikalikwaruza kwa wembe. Mafuta yakajikunja, yakadondoka,
lakini buluu iligoma kutoka ndani ya nyuzi.
Ukiiinamisha ile mbao kwenye mwanga utaliona,
bega jingine, jembamba, lililonyooka,
linaelea juu yake kama deni.

Jumamosi akaja mama mmoja wa Muyenga,
akatoa noti, akauliza nani atampelekea hadi garini.
Nikamwonya: rangi hii haikauki, mama,
hata mwakani ukiigusa itakushika mkono.
Hakunisikia. Okwalinga alishakunja gunia,
ameliweka begani, anainama.

Akajinyanyua.
Akajibeba, uso nje, kati ya bodaboda na mikokoteni ya misumari,
na wapakiaji wakaacha kupakia:
watu wawili, bega moja.
Akajitua taratibu kwenye kiti cha nyuma.
Kidole gumba kilikuwa kimeacha alama
pembeni, juu ya fundo. Sikuifuta.

Kisha akakunjua kiganja. "Elfu tatu."
"Kwa hatua hizi chache?" mama akashangaa. "Na kibao chenyewe chepesi?"
"Mzigo wa mwenzio," nikamtania Okwalinga, "ni kanda la usufi."

"Ndiyo," akasema, bado anahema,
"lakini huu si wa mwenzangu.
Elfu tatu."