Kutoka Haneti, Bila Njia

Tulishuka Haneti kabla jogoo hawajamaliza,
mimi na Nyemo, kila mtu na shanta lake:
unga wa uwele, mlenda mkavu, karanga,
maji lita nne nne, kamba ya katani,
na daftari la baba, jalada limeliwa na mende.

Baba alikuwa mpima ardhi. Hakuwa msemaji.
Mwaka wa sabini na nne aliandika kwa penseli:
"Kusini ya jabali lenye mgongo wa kifaru, ufa.
Ndani ya ufa, ziwa. Maji hata Oktoba."
Njia hakuchora. Alichora kontua tu,
mistari iliyobanana kama mikunjo ya paji la uso
la mtu anayepiga hesabu gizani.

Njia ya mwisho ilifia kwenye shamba la alizeti.
Baada ya hapo, sisi na Chenene.

Itale tulilisoma kwa soli.
La kijivu, lenye ukoga mkavu, linashika;
jeusi, pale maji ya masika yalipopita, linakutupa.
Pimbi wakikojoa mahali hadi mwamba ukapata chokaa,
zunguka nyuma, utaona mwanya:
pimbi hakai nyumba ya mlango mmoja.
Na mkuyu ukiota kwenye ukuta mtupu
fuata mizizi.

Saa sita tukakosea.
Korongo ambalo daftari liliita "dogo"
lilifunguka mbele ya vidole vya miguu yetu,
upepo ukipanda kutoka chini na harufu ya popo.
Nyemo akaangusha jiwe. Tukahesabu.
Hatukuipenda hesabu.
Tukarudi, na kurudi nako kuna kazi yake:
jiwe ulilolipanda ukicheka
lina sura nyingine ukilishuka.
"Baba yako alikuwa na miguu mirefu," alisema Nyemo.
"Au aliona haya kuandika neno kubwa."

Tulilala juu ya bamba la mwamba
lililotunza jua kama chungu kilichoepuliwa,
mgongo una joto, pua ina baridi ya Juni.
Nikausoma ukurasa uleule kwa tochi
mpaka Nyemo akasema, zima,
unamalizia betri kwa marehemu.

Alfajiri, jua likiwa bado limelala ubavu,
kivuli kikamchonga kifaru: bega, nundu, kiuno.
Jana tulikuwa tumekaa juu yake
tukila karanga.

Ufa ulikuwa mwembamba. Shanta mbele, tumbo ndani,
viwiko vikichubuka, Nyemo akitukana kwa Kigogo safi
ambacho mama yake hajui kama anakijua.
Halafu mbingu, tena, ghafla,
na maji.

Ziwa! Lingetosha darasa moja, madawati yakibanwa.
Maji ya kijani, kingo za mchanga,
na mbuzi kumi na saba wakinywa.

Msichana wa miaka tisa hivi, Mbeleje jina lake,
alikuwa juu ya jiwe akichonga fimbo.
"Mmepotea?"
"Hapana. Tumepatafuta hapa siku mbili."
Akatazama viwiko vyetu, akatazama ule ufa.
"Sasa mbona hamkupita mlangoni?"
Akaonyesha kwa kidevu: upande wa pili,
nyasi zilizolazwa na kwato,
upana wa mtu na mzigo wake wa kuni.

Nyemo alicheka hadi akakaa chini.

Tulimpa maji yetu. Akaonja, akatema: yananuka chupa.
Akauliza kilichoandikwa kwenye daftari. Nikamsomea.
"Maji hata Oktoba? Muongo huyo. Oktoba tunachimba."
Akapiga magoti, akazamisha mkono mchangani
aonyeshe mpaka wapi.

Nikatoa penseli. Chini ya mwandiko wa baba,
mbuzi mmoja akiramba chumvi kwenye kifundo changu,
nikaandika: Oktoba, chimba.
Hadi kiwiko cha mtoto.