Kilo Nane za Kuelea

Koti la dukani lilinikaa vizuri, siwezi kusema uongo.
Lilinikumbatia mbavu, lina mifuko, lina zipu,
lina bei iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu,
na muuzaji ananizunguka: "Limekupenda, dada."
Lakini pale, karibu na stesheni ya zamani ya Kisumu,
ilikuwa saa nane mchana, joto limevimba,
nami nilikuwa na blauzi ya kazini.

Blauzi haielei.

Kule tunakozama mimi na Chelang'at,
bwawa la juu ya mashamba ya chai, Kericho,
Julai maji yana digrii kumi na nne
na ukungu huingia kabla yetu.
Kule navaa mpira wa milimita saba, kofia,
glavu zinazogeuza vidole vyangu kuwa ndizi.
Mpira huo juu ya maji ni mkaidi, hautaki kuzama;
ukifika mita kumi na tano unanywea,
unakuwa mwembamba kama ahadi,
na ile risasi uliyojitwika ili ushuke
inakumbuka kazi yake.

Mwaka jana nilitafuta kitufe cha hewa kwa ndizi hizo.
Nilikipata. Acha niseme hivyo tu.
Chelang'at anasema nilikipata kwa mkono wake.

Kwa hiyo Jumamosi nikaazima mizani
ya Min Akeyo, muuza omena wa Kibuye,
nikaikunja suti ndani ya neti ya vitunguu,
nikaitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua,
nikawa naongeza risasi, kipande kwa kipande,
hadi neti ikakubali kwenda chini.
"Unapima nini?"
"Napima kuelea, mama."
Akatazama neti, akatazama pipa, akanitazama mimi.
"Na gorogoro moja ni pesa ngapi?"

Kilo nane.
Nane zinazoweza kunitoroka kule chini,
ongeza uzito wa hewa ambayo sijaivuta bado.
Koti la dukani, saizi yangu, huinua tisa,
tena likijaa mpaka linanibana kifua.
Ninunue pumzi ili ninyimwe pumzi?

Obudho, fundi wa mageti nyuma ya soko,
hajawahi kuingia majini kupita magoti.
Nilimchorea kwa chaki sakafuni:
bamba la chuma kisichoshika kutu, urefu wa mgongo,
mkunjo katikati pa kulalia mtungi,
matundu ya kupitisha mkanda mmoja, mrefu, usio na mshono.
Akauliza alichosahau kuuliza muuzaji:
"Ukishavaa haya yote, mkono wako unafika wapi?"
Akanivalisha glavu zake za kuchomelea,
akanifunga macho kwa kitambaa chenye grisi,
akasema, fungua.
Nikafungua.
Akasema, tena.

Bamba lina kilo tatu kasoro,
na risasi za kiasi hicho nitaziacha nyumbani.
Bawa nimeagiza kando, la kuinua kumi na nne;
limefika kwa basi la usiku kutoka Mombasa
likinuka mafuta ya taa ya mzigo wa jirani.
Sisemi halina ila.
Juu ya maji, ukilijaza kupita kiasi, linakusukuma uso mbele
kama mwalimu anayekuonyesha kosa daftarini.
Halina mifuko. Tochi nitaifunga kwa kamba.
Na ubaridi wa chuma mgongoni, alfajiri, kupitia mpira,
huo sijui bado.

Usiku Chelang'at amepiga simu,
anauliza kama jambo hili sasa limenielea.
Nimecheka peke yangu jikoni,
bamba limelala mezani kando ya sahani ya ugali,
linang'aa kuishinda.
"Limenielea," nimemwambia, "kilo kumi na nne."
Kisha nimewasha mshumaa
nikachoma ncha za mkanda, moja, nyingine,
zisije zikafumuka.