Herufi Isiyotamkwa

Miaka thelathini na mmoja nililishwa na makosa ya wengine.
Gazeti la mji wetu, Paysandú, kando ya mto Uruguay,
halikwenda mtamboni kabla ya kupita mbele ya macho yangu,
na kalamu yangu nyekundu ilijua pa kukata
kama mchinjaji ajuavyo kiungo.
Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani.
Kwenye kadi wakaandika jina langu, Evaristo Larralde,
kwa r moja.
Nikacheka mbele yao. Nyumbani nikaiongeza.

Nélida Etchart anauza mayai kwenye kona ya mtaa wangu.
Ubao wake unasema UEBOS.
Kila apitaye anajua ni mayai. Hakuna mteja
aliyewahi kufika nyumbani, akafungua kikapu, akakuta mawe.
Lakini mimi silali. Neno lile lilinikaa jichoni kama unywele:
huevos, bibi wewe, huanza na h,
herufi ile bubu, isiyotamkwa, isiyodai kitu
ila kuwepo; na katikati ni v, si b,
ingawa sikio, maskini, halizitofautishi.

Usiku nikatoka na chaki.
Saa saba, koti juu ya nguo za kulalia,
mzee wa miaka sabini na mitatu anachungulia huku na huku
kama mwizi, na kumbe ameleta, hajaiba.
Nikafuta b kwa kidole nilichokilamba. Nikapachika h.
Asubuhi ubao umerudi vilevile, UEBOS,
herufi kubwa zaidi, na chini yake mstari.
Tulikwenda hivyo siku tisa.

Siku ya kumi ilinyesha. Nikabaki ndani kupanga droo,
na ndimo ilimokuwa ile barua
niliyojidai miaka yote sijui ilipo.

Ramona. Salto, mwezi wa nane, mwaka nilioajiriwa.
Alikuwa akifua mashuka ya hoteli; shule aliiacha darasa la tatu.
Kurasa mbili: mafuriko, mguu wa mama yake, bei ya sabuni,
na mwishoni, peke yake kwenye mstari, te hecho de menos,
nimekukosa,
ila ameweka h pasipotakiwa h.
Nimekukosa, alisema,
na mimi nikaliona kosa tu.
Nikalizungushia duara jekundu.
Nikamrudishia barua yake mwenyewe, imesahihishwa,
masahihisho kumi na manne, na pembeni,
kwa mwandiko mzuri sana: "Soma tena."
Nilidhani ni mapenzi. Naapa, nilidhani ni mapenzi.
Baada ya wiki mbili ilinirudia. Hakuongeza neno.

Watu husema kosa moja haliachi mke.
Yeye alikuwa na kumi na manne, nami nikampita
kwa hilo la kumi na tano.

Nimeitazama ile h leo hadi mvua ikakatika.
Tulifundishwa kwamba zamani ilikuwa pumzi,
kisha watu wakachoka kuivuta.
Labda Ramona alihitaji kuvuta pumzi
kabla ya kulisema lile neno.
Labda hakujua tu kuandika. Hilo nalo linawezekana,
na halibadilishi kitu.

Jioni nikaenda kwa Nélida.
Mvua ilikuwa imeuosha ubao, mtupu kabisa.
Akaninyooshea chaki hata sijasalimu.
"Haya, bwana wa usiku. Andika mchana tukuone."
Nikaishika. Vidole viliijua njia, vilikuwa vimeshaanza.
"Dazeni ni bei gani?" nikauliza.
Akanitajia. Nikaandika bei, basi,
nikamrudishia chaki yake.
Neno akaliandika mwenyewe, polepole,
ncha ya ulimi nje kama mtoto wa shule,
na mimi nikageuka nikahesabu mayai.
Moja lilikuwa na ufa.
Nililiona.
Nikalifunga pamoja na mengine.